Tembo Halisafiri, Mgeni Ndiye Aje



Kule Italia na Ufaransa watu hulipa pesa ili kutembezwa katika mashamba ya zabibu. Mwenye shamba huwaonyesha mizabibu, huwaonjesha divai, kisha huwaelekeza mji wa kale ulio jirani. Je, sisi wa Gongoni tuna nini cha kuonyesha?

Tuna mnazi. Mgema hupanda na kotama yake, akafunga kwa kamba karara ambalo bado halijafunguka, akakata ncha na kutundika kibuyu. Asubuhi na jioni hurudi kuchonga kidogo ili maji yake yazidi kutiririka. Maji hayo huchacha yenyewe, bila kutiwa hamira. Siku ile ile ni tembo tamu, kesho yake ni kali, na likikaa zaidi huwa siki. Divai huvuka bahari na kukaa chupani miaka mingi, tembo haliwezi. Anayetaka kulionja likiwa zuri sharti afike chini ya mnazi. Hapo ndipo penye faida yetu.

Na miji ya kale tunayo, tena kwenye njia moja. Ukitoka Gongoni kuelekea kusini unafika Mambrui, penye kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Mwaka 2010 wachimbaji walipata hapo sarafu ya China ya zaidi ya miaka 500. Ukivuka Sabaki ni Malindi, ambako Vasco da Gama alipokelewa mwaka 1498. Mbele zaidi ni magofu ya Gede, yaliyotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Apendaye mandhari aende Marafa akaone mabonde mekundu ya Nyari.

Jambo hili linawezekana. Tangu mwaka 1993, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede, na wageni huenda kutazama.

Kikundi kianze hivi:

1. Chagueni minazi michache tu. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo pigeni hesabu kwanza.
2. Mgema alipwe kwa maelezo yake, si kwa tembo peke yake. Ujuzi nao ni mali.
3. Anayeuza tembo awe na leseni, na asimuuzie aliye chini ya miaka 18.
4. Pesa ziandikwe daftarini mbele ya wote siku hiyo hiyo.

Tukumbuke pia: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgeni akidanganywa mara moja, harudi. Na pesa za wageni zikiishia kwenye mrija, watoto watalala njaa huku boma limejaa magari.

Maswali ya kujadili:
- Nani kwetu anajua kugema na kueleza vizuri?
- Faida ya kwanza tutaifanyia nini?