Silikanti wa Tanga ni ukoo wa peke yake

Ukimwona silikanti amelazwa mezani, utadhani ametoka katika kitabu cha mambo ya kale. Magamba yake ni magumu kama ngao, na mapezi yake yameshikiliwa na vikonyo vya nyama mithili ya miguu mifupi. Wavuvi wa Komoro humwita gombesa, wala hawamtamani sana kwa chakula kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi.

Wataalamu waliamini kwamba samaki huyu alitoweka duniani miaka milioni 65 hivi iliyopita. Kisha, Desemba 1938, mmoja akanaswa Afrika Kusini, na Bi Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la East London akatambua kuwa hajapata kuona samaki wa namna hiyo. Mwaka 1952 akapatikana Komoro. Sisi Wakenya tulipata wetu Malindi mwaka 2001, na tangu 2003 wavuvi wa Tanzania wamewanasa kwa makumi, hasa Tanga.

Je, wote hawa ni jamaa moja?

Kwa macho, ndiyo. Lakini ndani ya mwili wa kila mnyama mna maandishi ya urithi, yaani DNA, na sehemu yake moja hutoka kwa mama pekee. Ni kama hadithi ambayo nyanya humsimulia binti yake, binti naye akamsimulia mjukuu: mara mojamoja neno hubadilika. Walioachana juzi watakuwa na hadithi karibu sawa, na walioachana zamani kila mmoja atakuwa na yake.

Mwaka 2011 watafiti wa Japani na Tanzania walitangaza walichosoma. Silikanti wa kusini mwa Tanzania walikaribiana na wale wa Komoro, ng'ambo ya maji. Wale wa Tanga, walio katika pwani ile ile ya Tanzania, walionekana ni ukoo mwingine uliojitenga yapata miaka 200,000 iliyopita.

Samaki wengi hutaga mayai, nayo mikondo ikayatawanya mbali. Silikanti huzaa. Jike mmoja aliyevuliwa Msumbiji mwaka 1991 alikuwa na watoto 26 tumboni! Mtoto wa silikanti huzaliwa tayari ni samaki kamili, hivyo hapeperushwi ovyo na maji.

Huko Indonesia tofauti ni kubwa zaidi. Mwaka 1997 Bi Arnaz Mehta, aliyekuwa fungate na mumewe, aliona silikanti wa rangi ya kahawia katika soko la Manado. DNA ilionyesha kuwa ni spishi nyingine kabisa, si yule wa buluu wa kwetu.

Sasa, msomaji mpenzi, hapa ndipo penye wasiwasi. Wavuvi wa Tanga hutega jarife, nyavu za papa, katika maji ya kina, na silikanti hunasa humo bila kutafutwa. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba samaki huyu huweza kuishi miaka 100 hivi, jike hazai kabla ya kupita miaka 50, na mimba yenyewe huchukua miaka 5. Jike mmoja akifia wavuni, pengo lake halizibwi upesi, na hao wa Komoro hawawezi kurudisha ukoo wa Tanga ukishapotea. Mwaka 2009 Tanzania ilitenga hifadhi ya bahari huko Tanga, ikaipa jina la samaki huyu.