Utani una sheria zake

Ndugu msikilizaji, nawe unayesoma mazungumzo haya gazetini, ipo sentensi moja inayosikika sana katika miji yetu, hasa baada ya mtu kumtolea mwenzake neno la kuuma juu ya kabila lake: "Aa, usikasirike bwana, huo ni utani tu." Husemwa kwenye daladala, kijiweni, ofisini, na siku hizi katika vikundi vya simu. Aliyesemwa akinuna, lawama humgeukia yeye: eti hajui utani. Leo nataka tulitazame neno hilo, kwa sababu naona tumechukua jina tukaacha kitu chenyewe.

Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120. Baada ya sensa ya mwaka 1967, mwananchi hakuulizwa tena kabila lake wakati wa kuhesabiwa, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini kutokuulizwa hakuondoi tofauti. Mmoja huzika siku ile ile, mwingine husubiri ndugu walio mbali wafike. Mmoja huketi na mama mkwe wakala pamoja, mwingine akimwona njiani hukwepa kwa heshima. Watu hao wakipanga nyumba moja yenye bomba moja la maji na ua mmoja, watashangaana. Mshangao usipopata njia ya kutokea hugeuka dharau. Wazee wetu walilijua jambo hilo zamani, na njia mojawapo waliyoitengeneza ni utani.

Utani wa makabila haukuanza kama kichekesho. Chimbuko lake moja ni vita. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, chini ya Zwangendaba, na katika miaka ya 1840 wakafika Ufipa. Baada ya kifo chake walitawanyika, na baadhi yao wakajenga himaya katika nchi ya Songea. Huko wakakutana na Wahehe, nao wakapigana vikali kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, bila upande mmoja kuumaliza mwingine. Leo Mngoni na Mhehe ni watani wakubwa. Wale waliorushiana mikuki sasa hurushiana maneno, na kila mmoja hudai kwamba babu yake ndiye aliyemkimbiza babu wa mwenzake.

Chimbuko la pili ni safari za biashara. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, safari ya miezi mizima kwa miguu. Mpagazi aliyeugua njiani hakuwa na ndugu wa kumpa uji, na aliyekufa hakuwa na ndugu wa kumzika. Ilibidi wenyeji wa njiani na wa pwani wawe ndugu zake kwa njia nyingine. Ndiyo maana hadi leo Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana.

Tazama basi: adui wa jana na mgeni asiye na kwao. Hao ndio watu wawili ambao binadamu huwaogopa zaidi, na hao ndio utani uliowafanya jamaa. Ulikuwa mkataba usio na karatasi, na kama mikataba yote, ulikuwa na sheria.

Sheria ya kwanza ni kwamba utani ni wa pande mbili. Nikikutania, una haki ya kunirudishia, tena kwa ukali ule ule, wala sina ruhusa ya kukasirika. Sheria ya pili ni kwamba utani unajulikana. Hurithiwa, na kila mtu anajua nani ni mtani wa nani. Huwezi kuamka asubuhi ukajitangazia utani na mtu yeyote unayetaka kumcheka. Sheria ya tatu, ambayo mjini tumeisahau kuliko zote, ni kwamba utani una kazi, na kazi yake kubwa ni msibani.

Niliwahi kumzika jirani yangu, mzee wa Kingoni. Watani zake wa Kihehe walifika mapema. Mmoja alivaa koti la marehemu akaiga mwendo wake na kikohozi chake, hata wajane waliokuwa wakilia wakacheka huku machozi yanatiririka. Mwingine aliingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe chochote. Watu wakachanga, akatoka. Mgeni angeona fedheha tupu. Lakini hao hao ndio waliokesha, ndio waliochimba kaburi juani, ndio waliochota maji na kukoka moto, ili wafiwa wabaki na kazi moja tu ya kulia. Mtani alikuwa amelipia kila neno lake kwa jasho.

Sasa turudi kwenye "utani" wetu wa siku hizi. Chukua mlinzi wa Kimasai anayekesha getini. Kila mwenye gari akipita humtupia neno juu ya shuka lake, masikio yake au Kiswahili chake. Mlinzi anatabasamu. Je, anaweza kumrudishia bosi wake neno la namna hiyo? Hawezi, maana mshahara wake uko mikononi mwa anayemcheka. Na siku mlinzi huyo akifiwa, je, bosi atakwenda kuchimba kaburi? Kama majibu yote mawili ni hapana, basi huo si utani. Ni kebehi iliyovaa nguo ya utani. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye nyumba anayesema kwa kicheko kwamba watu wa kabila fulani hawapangishi. Kicheko kinaisha, na mtu hana chumba.

Labda utasema nakuza mambo. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na jirani zetu wa Rwanda waliliona hilo. Mwezi Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kutangaza. Ilipendwa kwa sababu ilichangamsha: muziki mzuri, mizaha, watangazaji wanaozungumza kama vijana wa kijiweni. Ndani ya uchangamfu huo Watutsi waliitwa "inyenzi", yaani mende. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalipangwa na watu wenye madaraka, hayakuletwa na mzaha peke yake. Lakini masikio yalikuwa yamekwisha kuzoezwa. Mwezi Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu kuhusiana na redio hiyo na gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini haikumwachia huru hata mmoja. Mimi ninayekula mkate wangu kwa kuzungumza redioni siwezi kuisahau hukumu hiyo.

Je, tunyamaze basi, tusitaje makabila kabisa? La hasha. Ukimya nao hulea hofu. Ninachoomba ni kwamba kila mara ulimi unapowasha, tujiulize maswali yale ya wazee. Huyu anaweza kunijibu bila kuogopa? Yeye mwenyewe anakubali kwamba sisi ni watani? Nikisikia amefiwa, nitakwenda kubeba maji?

Kama jibu ni ndiyo, taniana naye mpaka mbavu ziume. Kama ni hapana, basi muulize jambo unalolishangaa kwake: kwa nini mnazika hivi, kwa nini mnaoa hivi, kwa nini chakula kile hamli. Mtu akiulizwa kwa heshima hufurahi kueleza. Na pengine, baada ya miaka, watoto wenu watakuwa watani wa kweli, watu wa kuchekana arusini na kuzikana makaburini.

Kwa juma hili naishia hapo. Kwaherini.