Feni ya gari inavuma namba nne tu? Anza na rezista

Masika kioo cha mbele huweka ukungu, na feni ya dashibodi ndiyo inayokikausha. Ukiwa mizani ya Vigwaza usiku, malori mbele na nyuma, utaijua thamani yake.

Sasa feni imegoma namba moja, mbili na tatu, ila nne inavuma. Usikimbilie kuuziwa mota. Inayovuma vizuri namba nne bado ni nzima. Katika magari mengi yenye swichi ya kuzungusha, umeme wa namba za chini hupita kwanza kwenye rezista, kifaa kidogo kinachoupunguza. Namba ya juu haipiti hapo. Rezista ikiungua, inabaki hiyo moja.

Kwa magari yetu ya usukani kulia, mara nyingi iko kushoto, nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, jirani na feni. Zima gari, subiri ipoe, kisha itoe uangalie soketi yake. Plastiki ikiwa imeyeyuka, badilisha na soketi. Halafu zungusha feni kwa mkono. Wengi huiruka hatua hii, wakarudi dukani mwezi huohuo: feni nzito, iliyojaa vumbi na majani, huvuta umeme mwingi na kuchoma hata rezista mpya.

Fundi akitaka kuunganisha waya badala ya rezista, mkatalie. Kinga yake ya joto inaondoka, na nyaya zinaweza kushika moto.

Ikifanya kazi namba moja tu, hiyo ni habari nyingine: mwambie fundi umeme aanze na swichi.