Mkono Mmoja Uliotosha

Wako wazazi miongoni mwetu ambao Mwenyezi Mungu akiwaruzuku mtoto mwenye upungufu wa kiungo, humficha ndani, hata chuoni asiletwe. Hao twawahadithia habari za Jim Abbott, aliyezaliwa mwaka 1967 huko Flint, Marekani, bila ya kiganja cha kuume.

Wazazi wake hawakumficha. Utotoni alizoea kuutupa mpira ukutani na kuudaka. Alipokua akawa mrushaji katika besiboli, yaani yule amtupiaye mpira mpinzani mwenye gongo. Aliutupa kwa mkono wa kushoto, glavu ya kudakia ikiegemea mkono wa kuume. Na mpira ukisha kumtoka, upesi aliutia mkono ule ule ndani ya glavu, tayari kudaka.

Mwaka 1989 aliingia ligi kuu. Tarehe 4 Septemba 1993, akiichezea New York Yankees, wapinzani kutoka Cleveland hawakupata kwake hata pigo moja lenye kuhesabiwa, mchezo mzima. Lakini hakushinda siku zote: alipostaafu mwaka 1999, alikuwa ameshinda mara 87 na kushindwa mara 108.

Basi fahari yake si wingi wa ushindi. Ni kuwa aliachwa atoke, ajaribu. Na sisi Waislamu tu aula zaidi kwa hilo, kwani Abdullahi bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfanya mwadhini. Mleteni mtoto chuoni.