Uzi Ukijisokota Chini, Tazama Juu

"Fundi, nikazie hii skrubu, uzi wa chini unajisokota." Sentensi hiyo naisikia kila gulio la Jumamosi hapa Lyulilo, Kyela, wakati vyungu vya Wakisi vinashushwa kutoka mitumbwini na watu wa Matema na Ipinda wamejaa ufukweni mwa ziwa. Anayeisema anatoa mfukoni keisi ya bobini peke yake. Cherehani kaiacha nyumbani, maana ameshaamini kwamba ubovu uko kwenye keisi. Imani hiyo imeua keisi nzima nyingi mno, na nimechoka kuijibu mmoja mmoja.

Nyuzi zinazojikusanya chini ya kitambaa, karibu kila mara, ni za juu.

Sindano inashuka na uzi wa juu. Inapoanza kupanda, uzi unaacha kitanzi kidogo pembeni ya sindano, na kulabu iliyo chini inakidaka. Kulabu inakitanua kitanzi hicho na kukipitisha kuizunguka keisi yote ya bobini. Hapo ndipo uzi wa juu unapoukumbatia wa chini. Ili kitanzi kienee keisi nzima, lazima ushuke uzi mrefu kupita kiasi ambacho mshono mmoja unakihitaji. Uliozidi sharti urudi juu. Anayeurudisha ni ule mkono unaopanda na kushuka mbele ya kichwa cha mashine.

Mkono huo kazi yake ni kuvuta tu. Visahani viwili vya tensheni vikiwa vimeubana uzi unaotoka kwenye rola, mkono hauna pa kuvuta isipokuwa chini, na kitanzi kinapanda. Visahani visipobana, mkono unajichotea uzi mpya kwenye rola na kitanzi kinabaki hukohuko chini. Mshono unaofuata unaacha kingine. Baada ya sentimita chache kitambaa kimeng'ang'ania meno yanayokisukuma na mashine imekwama. Muda wote huo uzi wa bobini umelala ndani ya keisi, haujafanya kosa lolote.

Asiyeamini atie uzi mweusi juu na mweupe kwenye bobini, ashone kipande cha kanga kilichokunjwa, kisha akigeuze. Ataona vitanzi vyeusi. Mweusi umetoka juu.

Sasa tazama kinachotokea ukikaza skrubu ya keisi. Uzi wa chini unakuwa mgumu, unauvuta wa juu kuelekea chini zaidi, na vitanzi vinaongezeka. Unakaza tena. Kisha mtu anakushauri ukaze na nati ya visahani vya juu, nayo unaikaza hadi mwisho. Kitambaa kinajikunja kama shingo ya mfuko wa rambo, uzi unakatika kila hatua, na wewe unalaumu uzi wa dukani. Skrubu yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele na imeshika kwenye bati jembamba. Ikizungushwa kwa ncha ya kisu, njia zake zinakwisha. Wapo wanaosokomeza kipande cha karatasi chini ya springi bapa ya keisi. Springi inapinda, na ikipinda hairudi ilivyokuwa. Mashine iliyohitaji kupitishwa uzi upya sasa inahitaji keisi mpya.

Hili halichagui chapa. Singer 15K ya kiwanda cha Kilbowie kule Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980, na Butterfly ya Shanghai iliyofuata umbo hilohilo la Singer 15, zote zinabana uzi kwa visahani, na zote zinavifungua visahani hivyo mguu wa kubania kitambaa unapoinuliwa. Hapo ndipo penye siri ambayo wengi hawafundishwi. Ukipitisha uzi mguu ukiwa chini, visahani vimefunga, uzi unapita ukingoni badala ya kuingia katikati. Machoni umepita sawa. Kazini haujabanwa.

Kwa hiyo inua mguu, toa uzi wote, upitishe upya: katikati ya visahani, kwenye springi ndogo ya waya, kwenye tundu la mkono, kisha kwenye sindano. Uvute kwa kidole. Mguu ukiwa juu, uzi uteleze. Ukiushusha, usikie umeshikwa. Usiposikia tofauti, ugonjwa umeupata. Huku Kyela mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na upepo wa ziwa una unyevu, kwa hiyo kipini kinachofungua visahani hushika kutu na kuviacha wazi hata mguu ukiwa chini. Uso wa ndani wa visahani nao huota kutu na kushika vumbi la nyuzi. Pitisha katikati utepe wa kitambaa uliochovywa mafuta ya taa, mguu ukiwa juu, mpaka utoke safi. Kausha.

Mengine kwa haraka. Mafuta ya taa ni ya kuoshea. Ukiyaacha kwenye viungio vya mashine vyuma vinasagana vikavu, basi malizia viungio hivyo kwa matone ya mafuta ya cherehani. Mawese usitie kabisa, hata kama yamejaa nyumbani: asubuhi ya baridi yanaganda, na yakikaa yanakuwa gundi. Sindano iliyopinda au butu itupe. Mfereji wake mrefu uangalie upande uzi unakoingilia. Namba 14 kwa kanga na vitenge, 16 au 18 kwa jinzi. Keisi ipime kwa kuining'iniza kwa uzi wake, bobini ikiwa ndani: ikishtuliwa kidogo ishuke sentimita chache kisha isimame. Ikianguka hadi chini, hapo tu ndipo kaza, robo ya mzunguko au pungufu, kwa bisibisi inayoenea kwenye mfereji wa skrubu. Ikisimama vizuri, usiiguse.

Kama mashine inaruka mishono, hilo ni jambo jingine. Sindano mpya ikishindwa kuliponya, huenda kulabu na sindano vimepishana wakati, na kuvilinganisha ni kazi ya fundi. Mletee mashine nzima, na usilegeze skrubu yoyote ya chini kabla hajaiona.