Mgonjwa wa ICU amelazwa kwa tumbo? Usiwake, uliza kwanza

Wengi wetu tukifikiria mgonjwa wa ICU, picha inayokuja akilini ni ya mtu aliyelala chali, mrija mdomoni, mashine ikimsaidia kupumua. Ndiyo maana jamaa wakimkuta mtu wao amelazwa kwa tumbo, uso umegeuzwa upande, wanawaka: ati hospitali imemtupa!

Ukweli ni kwamba huenda mkao huo ndio unamweka hai.

Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo. Ukilala chali, moyo na viungo vya tumbo vinaikandamiza. Ukiwa na afya, hutasikia chochote. Lakini kwa mgonjwa ambaye mapafu yamefura na kujaa maji, vifuko vya hewa vya huko nyuma vinajifunga. Damu bado inapita hapo ila haikutani na hewa, kwa hivyo oksijeni inashuka hata mashine isukume vipi. Akigeuzwa alale kwa tumbo, uzito unapungua, vifuko vinafunguka na hewa inasambaa vizuri zaidi.

Matokeo yake si madogo. Mwaka 2013, watafiti wa Ufaransa na Uhispania walichapisha utafiti uitwao PROSEVA, uliofuata wagonjwa 466 waliokuwa kwenye mashine na mapafu yao yakiwa katika hali mbaya sana. Kati ya waliobaki chali, karibu 33 kwa kila 100 walikuwa wamefariki kufikia siku ya 28. Kati ya waliolazwa kwa tumbo kwa angalau saa 16 mfululizo, ni 16 kwa kila 100. Vifo vilipungua kwa nusu, bila dawa mpya. Covid-19 ilipokuja, mkao huu ulitumika kote duniani.

Lakini kumgeuza mgonjwa kama huyo si mchezo. Inahitaji watu wanne, watano hivi, mmoja akisimama kichwani kuushika mrija, maana ukichomoka ni balaa. Macho lazima yalindwe, na uso uangaliwe usipate vidonda. Pia si kila mtu anafaa. Aliyevunjika uti wa mgongo, kwa mfano, anaweza kuumia zaidi.

Wagonjwa wengi wa mashine hawahitaji kulala kwa tumbo. Wao huinuliwa kichwa na kifua kwa nyuzi 30 hadi 45, ili majimaji ya tumboni yasipande na kuingia kwenye mapafu. Katika utafiti wa Barcelona uliochapishwa 1999, nimonia ilishukiwa kwa wagonjwa 16 kati ya 47 waliolazwa chali, lakini kwa 3 pekee kati ya 39 walioinuliwa. Tena wauguzi humgeuza mgonjwa mara kwa mara, ili mgongo na matako yasioze kwa vidonda vya kulala.

Kwa hivyo ukienda kumwona mtu wako, usishushe kitanda ati ndio alale poa. Usimsogeze wala kuongeza mto bila ruhusa. Muulize muuguzi: mbona amelazwa hivi? Atageuzwa saa ngapi? Ngozi yake iko aje? Ukimkuta chali kabisa, kitanda kikiwa kimelala tambarare, uliza pia. Pengine kuna sababu. Pengine pia mtu amesahau, na swali lako ndilo litamkumbusha.