茂: Kanji ya Majani Yaliyosongamana

Kanji 茂, herufi ya maandishi ya Kijapani, hueleza mimea iliyostawi hadi majani na matawi yake yakasongamana. Katika maneno yenye asili ya Kichina husomwa "mo". Katika kitenzi cha Kijapani husomwa "shigeru". Matamshi hayamsumbui Mswahili, maana irabu za Kijapani ni tano, karibu sawa na zake. Kazi iko kwenye kuandika.

Herufi ina mistari 8. Mitatu ya juu, 艹, ni alama ya majani, ile ile iliyomo katika 花 (ua), 草 (nyasi) na 茶 (chai). Mitano ya chini, 戊, haina uhusiano na mimea: chimbuko lake ni picha ya silaha iliyofanana na shoka, na hapa imewekwa kwa ajili ya sauti tu. Anayejitungia kisa cha shoka lililoshindwa kufyeka kichaka atakumbuka umbo upesi, ila asikidhani kuwa ndiyo historia ya herufi. Huanzwa juu, na nukta ya kulia huja mwisho. Mtego uko hapo chini: 戊 ikiongezwa mstari mfupi ndani huwa 戌, mbwa wa kalenda ya wanyama 12, ikiongezwa nukta huwa 戍, kulinda.

Matumizi ya 茂 yangeonekana vizuri Segera, barabara ya Chalinze inapogawanyika, moja ikienda Muheza na Tanga, nyingine Korogwe na Moshi. Wakati wa masika vichaka vya kando ya barabara vikifunga, kitenzi ni shigeru. Kichaka chenyewe ni 茂み, "shigemi". Shigeru si neno la sifa tu, kwani magugu yaliyovamia shamba la mkonge nayo husemwa hivyo. Mkonge wenyewe ni サイザル麻, "saizaru-asa". Kanji yake pekee, 麻, ni ya mimea ya nyuzi na haina 艹 hata kidogo, kwa hiyo alama hiyo isitegemewe kutambulisha kila mmea.

Shigeru ni jina la wanaume pia. Yoshida Shigeru, waziri mkuu wa Japani mwaka 1946–1947 na tena 1948–1954, aliliandika kwa kanji hii moja.

Kanji 茂 imo katika orodha rasmi ya kanji 2,136 za matumizi ya kawaida iliyotolewa mwaka 2010, lakini haimo katika zile 1,026 za shule ya msingi. Watoto wa Japani hufundishwa wakishafika sekondari.